Divai Iliyobaki Siku ya Akina Mama

Merabu Kebikomi alivuliwa beji ya Umoja wa Akina Mama nyumbani kwake mwenyewe, wageni wakiwa wameshakunywa bushera yake, togwa ya mtama, na kufuta midomo. Nilikuwepo. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Rwamuganga, na siku ambazo si Jumapili nanunua viazi mlimani nikaviuze mjini, kwa hiyo najua jinsi mtu anavyojikohoza kabla ya kutaja bei ya uonevu. Kasisi Naboth alijikohoza vivyo hivyo.

"Mama Provia," akasema, "nadhani unajua tumekuja kwa nini."

"Nilidhani mmekuja kunisalimia," Merabu akamjibu. "Ndiyo maana nimewatolea vibuyu vikubwa."

Hakuna aliyecheka. Kasisi akaanza kueleza sharti la parokia kama vile Merabu alikuwa mgeni, wakati yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea sharti hilo akina mama wapya kabla huyo Kasisi hajaota ndevu. Mama yeyote wa Umoja ambaye nyumbani kwake wamepokelewa ng'ombe wa mahari wa binti ambaye hajavishwa pete kanisani, anarudisha beji, na hakaribii Meza ya Bwana mpaka siku ambayo pete itavishwa. Provia, kitindamimba wa Merabu, anaishi Kampala na kijana aitwaye Gadi. Wana mtoto anayetembea. Ukoo wa Gadi ulikuwa umeleta ng'ombe kwa heshima zote, tukala, tukacheza ngoma mpaka ua ukawa tope. Pete bado.

Merabu hakubishana. Akaifungua beji kwenye sweta, akaiweka juu ya sinia karibu na vibuyu vitupu. Kasisi aliitazama kana kwamba ingemuuma. Mwishowe Kezia Bamwine, makamu wa Merabu katika Umoja, ndiye aliyeichukua akaifunga kwenye ncha ya leso yake bila kumtazama mwenzake usoni.

Sasa sikiliza kilichonichoma. Kwenye kiti cha kona alikaa Erikana, mume wa Merabu, anatafuna mahindi ya kuchoma. Kamba za wale ng'ombe zilishikwa na mkono wa Erikana. Ng'ombe wenyewe walilala kwenye zizi la Erikana. Yeye hakuulizwa neno. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wa upande wao, niliyepandisha idadi ya wale ng'ombe mpaka wazee wa upande wa Gadi wakaomba maji ya kunywa, na mimi vilevile sikuulizwa neno. Jumapili iliyofuata Erikana alipitisha mfuko wa sadaka kama kawaida, akapiga magoti mezani kama kawaida, akanywa kikombe. Mke wake alikaa benchi la nyuma kabisa, pamoja na wasichana waliozalia nyumbani na wanaume wenye wake wawili.

Ukitaka kumjua Merabu, usianze na kanisa. Anza na mteremko ule ulio juu ya kinamasi, ambao kila mtu alisema hauoti kitu. Alipewa alipoolewa kwa sababu hakuna shemeji aliyeutaka. Akaupanga ngazi kwa ngazi kwa jembe, akiwa na mtoto mgongoni, na leo viazi vyake ndivyo ninavyovipakia kwanza kwenye gari kwa sababu havina matope wala mawe yaliyofichwa chini ya gunia. Nimefanya naye biashara tangu nikiwa na baiskeli. Hajawahi kunipunja, na mimi sijawahi kufaulu kumpunja yeye, ingawa nilijaribu. Aliolewa kwa pete, gauni la kuazima, na harusi ililiwa kwa maharagwe. Watoto sita, wawili walizikwa. Shule aliishia darasa la nne.

Huko kanisani alikuwa ndiye anayewafunza mabinti wanaokaribia kuolewa. Hakuwafundisha maua wala keki. Aliwafundisha jinsi ya kuishi na mama mkwe bila kuonja sumu, na jinsi ya kumkatalia mume mlevi bila kuvunjwa mkono. Mtu akifa, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha. Mke akipigwa usiku, alikimbilia kwake, na mume akija kumdai alimkuta Merabu mlangoni na mchi. Makasisi walikuja wakaondoka, kila mmoja na pikipiki yake na maono yake. Yeye alibaki.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyewekwa benchi la nyuma kwa kosa la tumbo la mwanawe.

Nilivumilia kama mfanyabiashara anavyovumilia bei mbaya, yaani muda mfupi. Nikaenda kwa Kasisi. Nilimkuta anaosha pikipiki yake. Kasisi Naboth ni kijana mzuri, simkatai. Ameokoka, hanywi hata tone, na mahubiri yake dhidi ya muramba, pombe yetu ya ndizi, yamewafanya wanaume wa kilima hiki wanywee nyuma ya nyumba badala ya mbele.

"Baba Kasisi," nikamwambia, "tufunge ndoa ya Provia Jumanne asubuhi. Gadi nimeshaongea naye kwa simu, yuko tayari. Pete mbili, mashahidi wawili, wewe na vazi lako. Saa tatu tumemaliza, kila mtu anakwenda shambani."

Akasimama na tambara mkononi. "Mzee Bitarabeho, ndoa haifungwi kama mzigo wa viazi. Kuna matangazo Jumapili tatu. Kuna mafunzo. Kuna barua ya parokia yao ya Kampala. Kuna vipimo vya hospitali."

"Matangazo tuanze Jumapili hii."

"Na wazazi wa Gadi? Nimesikia wanataka harusi kubwa. Wanafanya mikutano ya maandalizi. Magari, hema, wapambe wa rangi moja. Kanisa haliwezi kuwapora furaha yao."

"Kanisa haliwezi kuwapora wao hema, lakini linaweza kumpora Mama Provia Ushirika Mtakatifu?"

Hapo akainama, akasugua tairi ambalo lilikuwa safi tayari. Nilijua nimegusa mahali panapouma, kwa sababu harusi ya Kasisi mwenyewe ilichelewa miaka kwa ajili ya hema hizo hizo, na mke wake alikuwa na bahati tu kwamba hakuna mimba iliyowatangulia. Hayo sikuyasema. Mtu ukimaliza maneno yote siku ya kwanza, kesho utakuja na nini.

"Ofa yako ni ipi basi?" nikamuuliza.

"Si suala la ofa."

"Kila kitu kina ofa, Baba Kasisi. Hata Ibrahimu alipatana na Mungu kuhusu Sodoma."

Akacheka kidogo, kisha akatoa yake. Merabu aje mbele ya kusanyiko, apige magoti, atubu hadharani. Hapo angerudishwa mezani hata kabla ya pete. Beji ingesubiri.

Niliipeleka bei hiyo kwa Merabu. Nilimkuta anachagua mbegu za viazi, ananusa kila kimoja. Nikamweleza. Akaendelea kunusa.

"Nitubu nini?" akauliza hatimaye.

"Habari ya Provia."

"Provia ana miaka thelathini. Mimi nimelala na Gadi?"

"Mama Provia, ni maneno tu. Unapiga magoti, unasema, unainuka, umemaliza."

"Wewe uliyepatanisha ng'ombe, utapiga magoti upande gani? Kulia kwangu au kushoto?"

Nikaokota kiazi kimoja, nikakinusa na mimi.

"Mwambie Kasisi nina dhambi za kutosha," akaendelea. "Nilimsema vibaya Kezia juu ya mtama wake mwaka ule wa njaa, tena nilifurahia kumsema. Nilimchukia mama mkwe wangu mpaka siku nilipoiosha maiti yake, na hata hapo nilimwosha kwa nguvu kidogo. Hizo nitazitubu, na ni zangu. Ya Provia si yangu. Nikitubu uongo mbele ya Mungu ili nipewe mkate, huo mkate utanikaa kooni."

"Unataka beji yako au hutaki?"

"Beji ni ya Umoja. Wakitaka waitumie kufungia nepi. Mimi nataka Meza. Meza si ya Naboth, na si yako, na si ya halmashauri ya parokia. Nimepiga magoti pale tangu nikiwa msichana, na sina nia ya kuzeeka nikitazama migongo ya watu wanaokula."

Basi. Bei ya upande mmoja haikupokelewa upande wa pili, na mimi nikarudi kwenye viazi vyangu nikiwa nimekasirika na wote wawili, ila kwa sababu tofauti.

Ikafika Siku ya Akina Mama, ile ya mwezi wa tatu, ambapo Umoja unaadhimisha Mariamu kupashwa habari na malaika. Kwetu hiyo ndiyo siku kubwa kuliko hata Pasaka. Akina mama wanatoka makanisa yote madogo ya parokia, wanapanda na kushuka milima tangu ukungu haujainuka, kila mmoja na gauni lake refu la gomesi, jeupe, na mshipi wa buluu. Kanisa linajaa weupe mpaka macho yanauma. Na hao ndio wanaoshiriki Meza. Wanaume wengi wa hapa hawana pete, au wana pete na mke mwingine upande wa pili wa kinamasi, kwa hiyo Jumapili ya Ushirika mezani ni akina mama na wazee wachache wa kiume. Kama si wao, Kasisi angekula peke yake.

Merabu alikuja na gauni la kawaida, akakaa benchi la nyuma. Nilimwona Kezia akigeuka kumtazama mara moja, kisha mara nyingine.

Kabla ya ibada Kasisi aliniambia nitoe divai ya kutosha, maana siku hiyo wageni ni wengi. Nikatoa. Divai ya kanisa naileta mimi kutoka mjini, na ni divai kweli, si maji ya zabibu. Kasisi akaimimina katika vikombe viwili, vile vikubwa vya fedha tulivyopewa na wazee wetu wa zamani, vyote vikajaa.

Injili ikasomwa: msichana wa Nazareti, hajaolewa, anaambiwa atachukua mimba. Kasisi akahubiri juu yake kwa nusu saa. Akasifu unyenyekevu wake na utii wake. Nyuma yangu nikasikia bibi mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Na Ana, mama yake Mariamu, naye walimvua beji?"

"Nyamaza," mwenzake akamwambia, lakini bega lake lilikuwa linatikisika.

Uchungu wangu uliongezeka hapo. Nikafikiria kijiji kile cha Nazareti na majirani wanaohesabu miezi kwa vidole. Kama Yusufu angekuwa mtu wa halmashauri yetu, Mwokozi angezaliwa na kulelewa benchi la nyuma. Watu wanaoimba habari ya binti huyo kwa sauti nne hawaoni wanachoimba.

Tukasema sala ya toba wote pamoja, Kasisi akatamka msamaha. Akaweka wakfu mkate na divai. Akapokea, akanipa mimi, akampa mwinjilisti. Kisha akageuka na kikombe, akatamka mwaliko kama unavyotamkwa siku zote, watu wakaribie kwa imani.

Erikana akainuka. Wazee watatu nyuma yake. Wakapiga magoti kwenye ukingo wa madhabahu, pembeni kabisa, na nafasi zote zilizobaki zikawa tupu.

Benchi la mbele la akina mama halikutikisika. Kezia Bamwine, ambaye sasa ndiye kiongozi na ndiye mwenye haki ya kutangulia, alikaa amekunja mikono mapajani, anatazama mbele. Benchi la pili likatazama la kwanza. La tatu likatazama la pili. Hakukuwa na mkutano wala njama, nimeuliza sana baadaye na nimeamini. Kezia alikataa kuinuka, na wengine wakakuta miguu yao nayo imekataa.

Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza tena.

Kasisi akawapa wale wanaume wanne. Erikana alikunywa mkupuo mrefu, kama mtu aliyelima. Kisha Kasisi akasimama pale na vikombe viwili vimejaa, akitazama kanisa zima jeupe limekaa chini. Akarudi mezani, akawapa watu mgongo, akaninong'oneza.

"Mzee, nini hiki?"

"Nadhani hawana njaa leo, Baba Kasisi."

"Mwambie Kezia awainue."

"Mimi si wa Umoja. Sina beji."

Akavitazama vile vikombe. Nikaona anavyoelewa polepole. Divai ikishawekwa wakfu hairudi kwenye chupa. Haimwagwi, haiwekwi kabatini hadi mwezi ujao. Inanywewa yote, humo humo kanisani, na kasisi pamoja na washiriki atakaowaita. Ndivyo kanisa letu linavyoelekeza, na yeye ndiye aliyetufundisha.

"Tusaidiane," akasema.

Nikapiga mafunda mawili, nikamrudishia. Akanywa mkupuo mmoja, uso ukamkunjamana kama mtoto aliyepewa dawa ya malaria. Bila shaka divai nyingi hivyo haikuwahi kumpita kooni tangu aokoke.

"Endelea, mzee."

"Mimi natosha. Nina gari la viazi la kupakia leo."

"Na mimi nina pikipiki, na Ushirika wa wagonjwa kule kanisa dogo la Kitojo saa nane. Siwezi kupanda mlima ule..."

"Utapanda ukiimba," nikamwambia.

"Mzee Bitarabeho, si mahali pa mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nakutajia bei. Mtu mmoja tu. Mwite."

Alijua ni nani. "Bila toba?"

"Toba tumeisema wote, sasa hivi. Wewe mwenyewe umeinua mkono ukatamka msamaha kwa wote waliomo humu. Nilikuwa nasikiliza. Hukusema 'isipokuwa Mama Provia'."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Kwaya ilikuwa imefika mwisho wa wimbo mara ya tatu, na sauti za wanaume zilikuwa zinachoka.

"Halmashauri itasema nini?"

"Halmashauri ni mimi, Erikana, na wale watatu waliopiga magoti. Ukitaka tuitishe kikao sasa hivi, tuko hapa hapa."

Akafumba macho. Sijui kama alisali au kichwa kilikuwa kinamzunguka. Kisha akageuka, akashuka ngazi ya madhabahu na kikombe mkononi, akasimama katikati ya kanisa. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Mama Provia. Karibu mezani."

Merabu hakuharakisha. Alifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Akamwomba msichana aliye karibu naye apishe magoti. Akatembea njia yote ya katikati na viatu vyake vya shambani alivyoviosha, akampita Kasisi alikosimama, akaenda mpaka kwenye ukingo wa madhabahu ambako watu hupiga magoti, akapiga magoti katikati, si pembeni. Ikabidi Kasisi amfuate.

Alipopokea, Kezia akainuka. Benchi la kwanza likainuka, na la pili, na weupe wote ule ukaanza kutiririka kuelekea mbele. Vikombe viwili havikutosha. Ikabidi Kasisi aweke wakfu vingine.

Watu walinipongeza nje. Mwinjilisti akasema ni Roho aliyetenda. Labda. Ninachojua ni kwamba neema iliyokuwa imefungwa kwa sharti la wanaume ilifunguliwa kwa sababu kasisi mmoja aliogopa kupanda mlima akiwa amelewa. Kama ningetoa divai kidogo asubuhi ile, Merabu angekuwa bado benchi la nyuma, na sote tungeendelea kuliita hilo utaratibu. Hilo linaniudhi mpaka leo. Sharti lenyewe halijafutwa. Halmashauri ilisema lile lilikuwa jambo la pekee, na mwezi uliofuata mama mwingine, wa upande wa Kitojo, alifuatwa nyumbani kwake na watu waliokunywa bushera yake kwanza.

Jioni ya siku ile nilipita kwa Merabu. Nilitegemea shukrani, sitaki kudanganya. Alikuwa amekaa na Erikana, na Erikana alikuwa mpole isivyo kawaida, anamenya viazi mwenyewe.

"Umefurahi sasa?" nikamuuliza Merabu.

"Nimeitwa kumaliza makombo," akasema.

"Umeitwa, Mama Provia. Bei ni bei. Ulitaka Meza, umeipata."

"Niliitaka, na nimepokea, na nimemshukuru Mungu. Naboth bado sijamshukuru. Wewe pia ngoja." Akamgeukia mumewe. "Menya nyembamba, Erikana, unatupa chakula."

Erikana akamenya nyembamba.

"Nyinyi wawili," Merabu akasema, "mlikaa pale juu mkinong'ona kama wanaume wanaouziana ndama. Nilikuwa naona. Mara nyingine msinipatanie. Mtu akija kumvua beji yule mama wa Kitojo, ambaye binti yake naye kaletewa ng'ombe bila pete, mwambieni Kasisi aanze na baba aliyeshika kamba, ndipo afike kwa mama. Hilo ndilo la kupatana. Utaliweza?"

Nikamwambia hilo ni gumu, watu wa halmashauri wote ni akina baba.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe," akasema.

Jumapili ya Ushirika iliyofuata Kasisi alipotamka mwaliko, Merabu alikuwa ameshasimama. Hakungoja jina lake. Alifika mbele kabla ya wazee wote, na Kasisi Naboth akampa bila kuinua macho. Erikana, aliyeshika kamba za wale ng'ombe, alibaki amekaa. Mfuko wa sadaka ulikuwa mapajani pake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu yule hakusogea kwenda kunywa.